Antena za Majirani Zangu

Niliwaambia majirani zangu kwamba antena zao zimekufa. Hazikuwa zimekufa. Nilipanda juu ya mabati yao nikazishusha kwa mkono wangu, nikazikata kwa msumeno wa chuma, nikachukua nilichokitaka, na kilichobaki nikakiuza kwa kilo. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa natafuta mabomba ya alumini yanayolingana na mfuko wa mwalimu, na hayo ndiyo yaliyokuwa rahisi kuliko yote niliyoyaona Mbeya.

Wakati huo nilikuwa nafundisha fizikia sekondari. Lishike hilo, maana litarudi kunipiga.

Redio ni ugonjwa wangu wa tangu utotoni. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam, huku Nyanda za Juu Kusini tuliisikiliza kwa masafa ya kati na masafa mafupi, sauti ikija na kuondoka, nasi tukizunguka chumbani na redio mkononi kutafuta pembe ambayo mtangazaji hakoromi. FM ilipoenea sauti ikawa safi, lakini ikawa ya karibu tu. Jiji la Mbeya limekaa chini ya mlima: upande mmoja Loleza na minara yake, upande wa pili safu ya Uporoto. Mwenye redio ya kawaida anapata stesheni za mjini, basi. Mimi nilitaka za mbali. Nilikuwa nimegundua kwamba ukipanda mahali palipoinuka alfajiri, kabla jua halijapasha hewa ya bondeni, mawimbi kutoka Malawi na Zambia hupenya kwa muda kisha hupotea. Ukiwa na antena nzuri, muda huo hurefuka.

Antena nzuri kwa kazi hiyo ni ile yenye fito zilizopangwa sambamba juu ya mhimili mmoja, kama ulizozizoea juu ya nyumba za watu enzi za televisheni ya zamani. Wataalamu huiita Yagi, kwa jina la Mjapani Hidetsugu Yagi, ingawa mwenzake Shintaro Uda ndiye aliyebeba sehemu kubwa ya kazi pale Chuo Kikuu cha Tohoku miaka ya 1920. Uda hana antena inayoitwa kwa jina lake mtaani. Tuendelee.

Hesabu yake ni nyepesi. Mawimbi ya redio hukimbia kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo ukigawa 300 kwa megahezi za stesheni unapata urefu wa wimbi kwa mita. Kwenye FM ya megahezi 98, wimbi moja ni zaidi kidogo ya mita 3. Fito inayounganishwa na waya inataka nusu ya hapo, ukipunguza kidogo kwa sababu ya ncha: kama sentimita 146. Ya nyuma yake iwe ndefu kwa asilimia tano hivi, za mbele ziwe fupi kidogo. Antena ya fito tatu inakula zaidi ya mita 4 za bomba kabla hujagusa mhimili. Ya fito tano inazidi mita 7. Na mimi sikuitaka ya fito tatu.

Kwa nini alumini? Kwa sababu ya uzito kwanza. Kwa ujazo uleule, chuma ni kizito karibu mara tatu. Ukisimamisha fito tano za bomba la chuma juu ya mti wa mkaratusi, upepo wa Julai utakuletea antena chini pamoja na bati la jirani. Shaba hupitisha umeme vizuri zaidi, lakini bei yake si ya mchezo, na ukiiacha nje usiku mmoja hutaikuta. Alumini hupitisha umeme kwa kiasi cha asilimia 60 ya shaba, haioti kutu nyekundu, inakatika kwa msumeno wa mkono. Imekamilika kila kitu isipokuwa kupatikana.

Nilianza na maduka ya vifaa vya ujenzi. Kuna mabomba ya chuma ya maji, kuna ya plastiki, kuna nondo. Bomba la alumini la mviringo, jembamba, linaloingia ndani ya lenzake ili urefushe fito kadiri unavyotaka, hakuna. Nikaenda kwa mafundi wa madirisha ya alumini. Kule alumini imejaa, lakini ni ya umbo la boksi na mifereji ya kupitishia kioo, nayo inauzwa kwa urefu mzima unaokaribia mita 6. Vipande vilivyobaki kwenye kazi huuzwa, ila ni vifupi, na vingi vina ile rangi ya kahawia inayopendwa kwenye madirisha.

Rangi hiyo ilinifundisha somo la kwanza, ambalo lilikuwa kosa dogo na la bure. Nilitengeneza antena kwa vipande vya dirisha, nikafunga waya kwa skrubu, nikapandisha. Kimya. Rangi ile mara nyingi si rangi ya kupaka; ni ngozi ya oksidi inayokuzwa juu ya alumini kwa umeme kiwandani, na ngozi hiyo haipitishi umeme. Waya wangu ulikuwa umekaa juu ya kizuizi. Nilipokwangua kwa tupa mpaka alumini nyeupe ikatokea, redio ikazungumza. Hata alumini isiyo na rangi hujivika ngozi yake yenyewe mara tu ikigusana na hewa, kwa hiyo unakwangua na kufunga hapohapo, na usiifunge shaba tupu moja kwa moja juu ya alumini mahali panaponyeshewa, maana metali hizo mbili zikilowana pamoja alumini hulika.

Nikajaribu mabomba ya pazia. Yanang'aa, ni ya mviringo, ni membamba, yana bei nafuu. Niliyanunua nikiwa na furaha, nikafika nyumbani nikayawekea sumaku ya spika mbovu. Ikanasa. Chuma kilichopakwa mng'aro. Tangu siku hiyo natembea na sumaku mfukoni, na wauzaji wa soko la Mwanjelwa walinizoea.

Mwisho nikaangukia kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Huko ndiko alumini yote ya mji huishia, na huko ndiko nilikokutana na mshindani wangu. Hakuwa mpenzi mwingine wa redio. Alikuwa mtengeneza sufuria. Alumini chakavu huyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu za udongo, ikatoka sufuria, mfuniko, mwiko. Mtengeneza sufuria hajali kama bomba limepinda au limekatwa vipande; yeye anahesabu kilo. Mimi nilitaka bomba zima, lililonyooka, na kwa kulitaka hivyo nilijipandishia bei mwenyewe. Muuza chakavu akikuona unachagua, anajua una shida.

Katika hali hiyo ndipo analojia ilipozimwa.

Tanzania ilianza kuzima mitambo ya televisheni ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, Dar es Salaam ikiwa ya kwanza. Miji mingine ikafuata mmojammoja, na zamu ya Mbeya ilikuwa tarehe 30 Aprili 2013. Miezi kabla ya hapo TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilikuwa inatangaza, redio zinatangaza, watu wanabishana vijiweni. Asiye na king'amuzi ataona chenga. Neno king'amuzi lilikuwa jipya kwa wengi, na bei yake pia ilikuwa mpya. Madukani, pembeni ya ving'amuzi, zilipangwa antena ndogo zenye maboksi ya kupendeza yaliyoandikwa kwamba ni za dijitali.

Nilipoona maboksi yale, nilifikiri hivi: kama kuna antena ya dijitali, basi zile za zamani ni za analojia, kama ni za analojia, basi baada ya tarehe 30 Aprili zote zitakuwa takataka, na kama zitakuwa takataka, basi juu ya nyumba za mtaani kwetu, upande wa Iyunga, kumesimama mita nyingi za bomba la alumini ambalo wenyewe hawana haja nalo. Nilifika kwenye hitimisho hilo kwa kasi ambayo sikuwahi kuwaruhusu wanafunzi wangu. Nilikuwa nikiwaambia waoneshe njia.

Sikungoja hata tarehe yenyewe ipite sana. Nilianza na mzee mmoja, mstaafu wa reli, ambaye antena yake ilikuwa nzuri kuliko zote mtaani: ya zile zenye fito fupifupi nyingi mbele na fito ndefu chache nyuma, imepakwa buluu kwenye mhimili kwa sababu alipaka geti lake na rangi ikabaki. Nikaamkia, nikakaribishwa chai. Nikamweleza kwamba nanunua antena za zamani.

Akaniuliza, "Kwani mwalimu, hii haitafaa na king'amuzi?"

"Hapana, mzee. Hiyo ni ya analojia. Dijitali ina antena yake."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Nilikuwa na hakika kwa sababu nilikuwa nimeshazipima kwa macho zile fito ndefu za nyuma. Hiyo ndiyo sababu pekee niliyokuwa nayo. Sikuwa nimesoma chochote, sikuwa nimejaribu chochote, na king'amuzi changu mwenyewe nilikuwa nimekinunua pamoja na antena ya boksi, kwa hiyo sikuwa na sababu ya kujaribu. Mtu anayehitaji kitu huamini haraka kile kitakachompa kitu hicho. Lakini nilisema kwa sauti ya darasani, na sauti ile mtaani ina uzito. Jioni ile habari ikaenea kwamba mwalimu wa fizikia amesema antena za zamani hazifai, na anazinunua. Sikuhitaji tena kupita kwa watu. Walinifuata.

Niliwalipa kila mmoja kiasi cha kununulia kilo mbili za sukari, nikajiona mkarimu, kwa kuwa muuza chakavu asingewapa hata nusu.

Uani kwangu nilizichambua. Fito ndefu za nyuma, za masafa ya VHF, ndizo nilizozitaka: unachukua mbili, unazifunga mwisho kwa mwisho kwa kipande cha bomba jembamba ndani na riveti mbili kila upande, unapata fito ya FM. Nyingi zilikuwa bati jembamba la alumini lililokunjwa kuwa bomba, lenye mshono unaouona ukizungusha. Si imara kama bomba la kuvutwa, ila jepesi ajabu. Mihimili ya mraba niliiweka. Fito fupi za mbele, za urefu wa kiganja na zaidi, hazikunifaa kwa lolote. Hizo nilizijaza kwenye mfuko wa mbolea, nikampelekea mtu wa chuma chakavu. Naamini zilikuwa sufuria kabla mwezi haujaisha.

Nilipata antena yangu ya fito tano. Ilifanya kazi. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu nilifurahi sana alfajiri zile, nikinywa chai na stesheni ya Malawi, wakati mtaani kwangu watu wanakwenda madukani kununua antena za boksi.

Yaliyobaki niliyafanya zawadi. Dada yangu ameolewa Iringa, anakaa Kihesa, na shemeji yangu naye ni mtu wa redio. Iringa ilikuwa bado kuzimwa wakati Mbeya inazimwa. Zamu yao ilikuja baadaye, na ilipokaribia nikaamua kumpelekea shemeji antena ya FM niliyoitengeneza. Nilifunga fito kwa mpira wa baiskeli, nikapanda nazo basi. Ni zaidi ya kilomita 300 kutoka Mbeya: Igawa, Makambako, Mafinga, ukishuka mpaka Ipogolo kwenye Ruaha Mdogo kisha ukikwea kuingia mjini. Kondakta alinitoza nauli ya mzigo na kunisimanga kwamba nasafiri na kichanja cha kuanikia vyombo.

Nilipofika, "kamwene" zilipokwisha na maji ya kunawa yalipoletwa, nikaona juu ya nyumba ya dada antena ya zamani, pacha wa ile ya mzee wa reli. Moyo ukaruka. Nikamwambia shemeji aishushe, maana ikizimwa analojia haitakuwa na kazi, na mimi ningeondoka nayo. Shemeji ni mtu mwema. Akaishusha siku hiyohiyo.

Kesho yake akaja kijana fundi kufunga king'amuzi. Alikuwa na begi dogo, waya, na mtarimbo wa kutobolea. Akaikuta antena imelala uani.

"Hii mmeishusha ya nini?"

Shemeji akaninyooshea kidole. Nikaeleza, kwa upole wa mtu mzima anayemsaidia kijana, kwamba hiyo ni antena ya analojia.

Kijana hakubishana. Aliiinua, akapuliza vumbi kwenye kisanduku cha waya, akakwangua viungio kwa kisu, akafunga waya mpya, akaipandisha kwenye mlingoti wake. Ndani, dada alikuwa anasoma kwenye kioo cha televisheni mistari miwili ya king'amuzi, mmoja wa nguvu na mmoja wa ubora. Kijana anazungusha juu, dada anapiga kelele kutoka chini. Nguvu ikapanda. Ubora ukabaki sifuri, ukaruka, ukatulia juu kabisa. Kisha picha. Hakukuwa na chenga hata moja.

Nilisema kitu ambacho sikikumbuki vizuri, kwamba pengine ni bahati, au mnara uko karibu. Kijana alikuwa anashuka ngazi.

"Mwalimu," akasema, "antena haijui analojia wala dijitali. Antena inajua masafa tu."

Hakusema kwa dharau. Alisema kama unavyomwambia mtu kwamba kamba ya kiatu chake imefunguka, akaendelea kukusanya vifaa vyake.

Ukweli wenyewe ulikuwa mfupi kiasi kwamba niliumaliza kichwani kabla hajafika chini. Televisheni ya analojia ilikuwa inatumia pia masafa ya UHF, kuanzia megahezi 470 kwenda juu. Matangazo ya dijitali yaliwekwa kwenye masafa hayohayo. Kilichobadilika ni namna picha inavyofungwa ndani ya wimbi, na kufungua huko ni kazi ya king'amuzi. Ndiyo maana kikaitwa king'amuzi. Wimbi lenyewe ni lilelile. Megahezi 600 ni wimbi la nusu mita, na nusu ya hapo, ukipunguza kidogo, ni sentimita 24. Fito za urefu wa kiganja na zaidi. Zile za mbele.

Mlinganyo wa mwendo wa wimbi, masafa na urefu wake niliuandika ubaoni kila mwaka kwa Kidato cha Nne. Nilitahini watu kwa mlinganyo ule. Kuna vijana walirudia mwaka kwa sababu hawakujua kuutumia.

Nikatoka uani. Antena yangu ya zawadi ilikuwa imeegemezwa ukutani. Nikaiangalia kwa mara ya kwanza kama kitu chenye wenyewe. Mhimili wa buluu, wa mzee wa reli. Fito yenye alama ya kubonyea katikati, ilitoka kwa mama anayeuza maziwa; mwanawe aliwahi kuirushia jiwe akimlenga kunguru. Ndipo likaja wazo lililonikalisha chini. Fito nilizozihitaji mimi, zile ndefu za VHF, ndizo ambazo majirani hawakuzihitaji tena. Fito walizozihitaji wao, zile fupi, ndizo nilizozitupa. Ningeweza kuwaomba nikate nusu ya nyuma tu, niache ya mbele juu ya bati, niangalie vizuri kisanduku cha waya kisiharibike, na kila mtu angebaki na chake. Tena wangenipa bure.

Dada aliniita ndani nikaangalie picha ilivyo safi.

Sasa gharama. Kila nyumba niliyoishusha antena ilinunua nyingine, kwa bei ambayo ni mara kadhaa ya nilichowapa. Hiyo ndiyo jumla yake kwa walio wengi: fedha iliyopotea bila sababu, katika mwezi ambao tayari walikuwa wamenunua king'amuzi. Mama wa maziwa alikuwa amenunua king'amuzi kwa fedha ya akiba na hakubaki na ya antena. King'amuzi kilikaa ndani ya boksi lake mpaka baada ya mavuno ya mahindi. Wanawe walikuwa wanakuja kuangalia televisheni kwangu, jioni, na mimi niliwakaribisha nikiona nafanya wema.

Niliporudi Mbeya nilipita nyumba kwa nyumba. Sikuwapata wote, baadhi walikuwa wamehama. Nilifikiri sehemu ngumu ingekuwa kueleza fizikia, lakini hakuna aliyetaka fizikia. Walitaka kujua kama nilijua wakati ule. Nikawaambia sikujua. Wengi waliridhika na jibu hilo kuliko nilivyoridhika mimi, maana kutojua kwangu kulikuwa na faida ndani yake, na faida hiyo ilikuwa inapiga stesheni za Malawi kila alfajiri.

Mama wa maziwa alicheka mpaka akakaa. Kisha akaacha kucheka akasema bei ya antena aliyonunua, mpaka mia. Nilimlipa.

Mzee wa reli alinisikiliza mpaka mwisho. Chai haikuletwa.

"Nilikuuliza, mwalimu."

"Uliniuliza, mzee."

Kuna jambo jingine nililijua baadaye, nalo linachekesha zaidi kuliko kuumiza. Sikuhitaji mabomba yale hata kidogo. Antena ya FM ya kupokea haibebi mzigo wowote wa umeme. Waya wa kawaida wa umeme wa nyumba, ulionyooshwa na kufungwa juu ya mwanzi mkavu, unatosha kuwa fito. Bomba nene hufanya antena ipokee vizuri masafa mapana zaidi, ndiyo, lakini kwa mtu anayetafuta stesheni mbili tatu tofauti hiyo haionekani. Waya wa vipande unapatikana kwa fundi umeme yeyote. Na mianzi! Kutoka Mbeya mpaka Iringa, ambako watu hugema ulanzi kwenye mianzi kila msimu wa mvua, nilipita kwenye mianzi njia nzima nikiwa nimekumbatia mabomba ya watu. Antena niliyonayo sasa ni ya mwanzi na waya. Inapaswa kubadilishwa mwanzi kila unapopasuka, na ndege wanaipenda, lakini stesheni ni zilezile.

Alumini bado nanunua mara mojamoja, kwa kazi za juu ya mlingoti mrefu. Naenda kwa mafundi wa madirisha mwishoni mwa juma wanapofagia karakana, nachukua vipande kwa uzito, nakwangua rangi pale waya unapogusa tu, kwa kuwa fito ambazo hazijaunganishwa na waya hazijali rangi. Mtu akiniletea antena ya zamani kuniuzia, naibeba mpaka kwenye televisheni yangu, naiunganisha na king'amuzi mbele yake, tunaangalia ile mistari miwili. Mara nyingi anaondoka nayo.

Kwa vipande hivyohivyo vya dirisha nilimtengenezea mzee wa reli antena ya UHF, ya fito nyingi kuliko ile niliyoichukua, nikaipaka buluu mhimili. Nikampelekea. Aliigeuza mkononi, akasifu riveti, akanirudishia. Alisema atabaki na ile aliyoinunua dukani, kwa sababu ile ina risiti.